Waridi la Jenerali Korbut

Otylia Grzelak anauza maua hapa Leith, Edinburgh, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na bado hajajifunza kuwanyamazia wateja. Mskoti akitaka mawaridi kumi na mawili ya mkewe, Otylia humkazia macho.

"Unampenda au unamzika?"

Kwetu Wapolandi mtu aliye hai hupewa maua ya witiri. Shufwa hupelekwa makaburini. Basi Mskoti hulipia kumi na matatu na kuondoka mbio, kana kwamba amemponyesha mkewe.

Mwaka ule jiji lilipomtengenezea Jenerali Korbut, shujaa wetu wa vita, sanamu ya shaba, ameketi kwenye benchi na nafasi ya mtu pembeni yake, kazi ya shada la uzinduzi ikawa ya Otylia. Baba yake, Bonifacy, alikuwa dereva wa kifaru cha jenerali. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, watawala wapya kwetu waliwavua uraia wote wawili. Wakabaki hapa: jenerali akawa mkagua tiketi mlangoni mwa sinema, Bonifacy akapaka rangi kuta za watu. Jina la Bonifacy halijaandikwa popote mjini humu. Otylia alilitaka kwenye utepe wa shada lile, basi.

Ksawery, mwenyekiti wa chama chetu cha Wapolandi, akaja dukani siku moja kabla ya sherehe.

"Bibi Otylia, yawe shufwa. Mtu amekufa."

"Aliyekufa hulala, mwenyekiti. Huyu kaketi."

"Usinichezee! Ukileta witiri, shada haliwekwi. Wala utepe."

"Haya, baba. Nenda salama, kofia imekukaa upande."

Kesho yake Otylia akaleta mawaridi kumi na matano, meupe na mekundu, utepe ukining'inia: *Kutoka kwa Bonifacy, dereva wako*. Ksawery alihesabu huku midomo ikimcheza. Alipofika mwisho akachomoa waridi moja jekundu, akaliweka shada magotini pa jenerali, akatulia. Kisha akagundua kwamba waridi limembakia mkononi, na meya anamtazama, na Waskoti wanangoja kuona sherehe inaendeleaje.

Kulitupa ni aibu. Kulitia mfukoni ni wizi. Akageuka, uso umemwiva, akampa Otylia.

Watu wakapiga makofi.

Otylia alilitazama lile waridi muda mrefu, hata tukadhani atalia. Maishani mwake amefunga mashada ya nusu ya jiji, na mumewe marehemu alikuwa akisema mwenye duka haletewi maua.

"Ni langu sasa?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Ni lako, Bibi Otylia."

"Kweli? Mbele ya meya?"

"Lako, nimesema!"

Akasogea kwenye benchi, akaketi ubavuni pa jenerali, akalichomeka waridi katikati ya yale kumi na manne, akaunyoosha utepe ili jina lisomeke.

"Mwanamke mgumu wewe," Ksawery akanong'ona.

"Sogea kidogo, mwenyekiti. Unamziba baba."