Masale Sita Nyuma ya Jiko

Fomu ya halmashauri ilikuwa na kurasa nne. Swali la makaburi lilikuwa ukurasa wa tatu, kati ya nguzo za umeme na mkondo wa maji. Je, ndani ya eneo kuna kaburi? Nikaandika: hakuna. Mwandiko wangu ni mzuri, niliwahi kuwa karani wa ushirika, kwa hiyo mume wangu huniachia fomu zote. Ningependa kusema nilisita kidogo. Sikusita.

Tunauza chakula hapa Maji ya Chai, pembeni ya barabara kuu. Supu asubuhi, mchana wali na ndizi nyama. Wateja walipoongezeka tukataka kupanua: banda jingine la kulia, matofali ya pevingi mbele na nyuma, ukoka na maua ili wenye familia wakae nje. Siku hizi mambo hayo huyafanyi kienyeji. Unapeleka ramani, wanaipitia, wanakuja kukagua, kisha wanakaa kikao. Basi tukamwita mchora ramani. Akapima kila kitu mpaka tenki la maji, jamaa makini kweli. Nyuma ya jiko, mahali magari yatakapogeuzia, akaweka alama sita za kijani na kuandika pembeni: vichaka, viondolewe.

Vichaka! Yalikuwa masale. Mtu wa huku haelezwi sale ni nini, lakini yeye alitoka mbali, simlaumu. Ni mmea wa majani marefu ya kijani. Tunaupanda mpakani, tunaupanda kaburini, na ukimkosea mtu unamwendea na jani lake mkononi kuomba msamaha. Yale sita aliyapanda mama mkwe wangu, kwa duara, juu ya mtoto wetu wa kwanza. Aliishi siku tisa. Hatukuwa tumempa jina. Hakuwekewa saruji wala msalaba, na matanga hayakuwepo. Wazee wa nyumba ya mume wangu walizika kichanga kimyakimya, watu wa ndani tu, na baada ya hapo hatajwi. Hakutajwa miaka ishirini na mbili.

Kwa hiyo niliposoma neno kaburi nikawaza saruji na msalaba. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mume wangu, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilijua. Nilijua kuwa kaburi likishaandikwa, faili linaanza safari nyingine, njoo kesho, njoo wiki ijayo, ukoo uitwe utoe maelezo, na maneno yafike barabarani kwamba wale mama ntilie wanapikia makaburini. Nilichoka kabla ya kuanza. Mume wangu aliitazama ramani muda mrefu, akaikunja. Akasema si nimeshaandika, basi, akaenda kuangalia kuni.

Wakaguzi walikuja watatu. Dada wa mazingira alihesabu miti yetu ya migrevilea na kutuambia tusiiguse hata mmoja. Wa afya aliinamia karo la maji machafu, akaridhika. Mkubwa wao, mzee wa mipango miji, Mchagga kwa lafudhi yake, nilimwamkia shikamoo na kumpeleka nyuma. Alikuwa anatembea akisoma ramani. Alipofika kwenye masale akasimama, akavua kofia. Hakuingia ndani ya lile duara. Akawaambia wenzake watangulie mbele wakapime lango.

"Mama," akasema taratibu, "sale la mpaka hupandwa mstari. Haya yako duara. Kuna mtu hapa?"

Kalamu nyekundu alikuwa ameshaishika. Akanieleza kwamba si jambo kubwa, patapungua nafasi ya magari mawili tu, pale pataandikwa bustani na hakuna atakayeuliza. Mzee wa watu alinifungulia mlango mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa kando yetu ameshika futi ya kupimia, analitazama tenki.

"Hakuna mtu," nikasema.

Mpaka leo sijui kwa nini. Si woga, na wala si tamaa ya magari mawili. Nadhani ulimi ulishazoea. Yule mzee alinitazama kidogo, akavaa kofia yake, akaweka tiki.

Kibali kilitoka. Vibarua waliyang'oa masale asubuhi moja wakati nakata vitunguu, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Hata vitunguu havikuniliza. Nilikuwa nimekufa ganzi, nasikia majembe kama yanalima kwa jirani. Mchana nilikwenda kuokota shina moja kwenye rundo la takataka, nikalichomeka kwenye kopo la mafuta ya kupikia karibu na mlango wa jiko. Likashika. Sale halisumbui.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka kwake juu mlimani kuja kuona banda jipya. Siku zote akija hupitia nyuma kwanza ndipo aingie ndani, na mimi siku zote nilidhani anakagua jiko langu. Safari hii alikuta pevingi, na juu yake gari jeupe la mteja. Akasimama na fimbo yake. Nilipotoka kumwamkia hakuitikia.

"Umempeleka wapi?" akaniuliza.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja. Nikamwambia hajapelekwa popote, yupo hapo hapo chini. Akaliangalia gari. Nikaenda kwenye kopo, nikakata jani moja, nikamletea kwa mikono miwili. Aliyeletewa sale hakatai, ndivyo tulivyokuzwa. Na kweli hakukataa. Alilipokea, akalishika kidogo, kisha akanirudishia.

"Si mimi uliyemkosea," akasema. "Mpe mwenyewe."

Akaingia ndani kukaa. Nilibaki nimesimama kwenye pevingi na jani mkononi, natafuta ni tofali lipi. Yote yanafanana. Mwenye gari akatoka kula, anajichokonoa meno, akanisalimia vizuri na kuniomba nisogee kidogo apate kugeuza.

Nikasogea.