Hodi kwenye Chumba cha Bibi

Mama yangu aliwapa madafu watu waliokuja kusimamisha ujenzi wake. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Tulikuwa tunamjengea bibi chumba nyuma ya nyumba yetu, Msambweni. Chumba kimoja chenye choo ndani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekataa safari ya choo cha uani, na masika yale alikuwa amekwisha kuanguka kwenye tope. Mama alifanya kila alichofundishwa. Aliwaomba radhi wajomba. Aliwaarifu majirani wa pande zote. Dua ikasomwa, ubani ukafukizwa kwenye pembe za msingi, tukala pamoja. Kwetu, hiyo ndiyo ruhusa. Hakuna aliyemwambia kwamba ipo nyingine.

Kuta zilipofika juu ya madirisha, wakaja maafisa wa ujenzi wawili. Mama akadhani wamevutiwa na kazi. Akawatolea viti, akawakatia madafu, akawaonyesha dirisha la bibi lililoelekezwa penye upepo.

"Mashallah, chumba kizuri," alisema yule mkubwa, mtu wa pwani kama sisi. Kisha akaweka dafu chini, akachukua kopo la rangi nyekundu, akachora alama kubwa ya X ukutani.

"Mama, huna kibali."

"Kibali cha nani, mwanangu?"

Bibi, aliyekuwa barazani, akadakia: "Mwache amalize dafu kwanza. Au nalo lina kibali?"

Mimi sikucheka. Nilitaka kumwagia rangi yake kichwani.

Tulipokwenda ofisini kwao, walitaka ramani iliyochorwa na mtaalamu, na hati ya shamba. Hati ina jina la babu, na babu amelala ndani ya shamba hilohilo. Basi leteni hati ya mirathi, wakasema, na wajomba wote watie sahihi. Mmoja wa wajomba hajulikani aliko tangu nikiwa mdogo. Wakati wa kurudi tulipita Diani. Njia tuliyozoea kushukia pwani ilikuwa imezibwa na ukuta wa hoteli, mpya, mrefu, mweupe. Nilitafuta alama nyekundu mwanzo hadi mwisho wa ukuta ule. Mama akanivuta mkono: "Twende, usiwakodolee watu macho."

Tukapata habari kwamba watakuja kubomoa. Asubuhi waliyotarajiwa, bibi akaomba tumbebe. Tulimketisha kwenye mkeka katikati ya chumba chake kisicho na paa, jua likimpiga utosini, tasbihi mkononi. Mlango haukuwapo, tulitundika kanga, mimi na mama tukasimama nje kando yake.

Wakafika, yule mkubwa mbele, nyuma yake vijana wenye nyundo. Mbele ya kanga akasimama.

"Hodi!"

Nikafungua kinywa nimtukane. Mama akaniziba kwa kiganja.

"Hodi, wenyewe!"

Ndani, tasbihi iligonga punje kwa punje. Mama, ambaye hajawahi kumnyima mtu karibu, alizidi kunibana kinywa kwa kiganja chake.

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ya chini.

Kila mtoto wa pwani anajua: ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unarudi. Mkono wa yule mkubwa ulikuwa tayari umeigusa kanga. Akautazama, akaushusha, akawaambia vijana wageuke.

Najua watarudi. Labda safari ijayo watamleta mtu asiyejua hodi ni nini. Lakini jioni hiyo bibi aligoma kutoka, na mama akapanda kwenye ngazi, akaanza kufunga makuti ya paa.