Zamu ya Nyumba ya Kina Ngalula

Sisi tuliokulia Panda, kitongoji cha kampuni ya mgodi, siku zile posho ilipokatika tunajuana hata bila kutajana majina. Tunajuana kwa namna tunavyokwangua sufuria. Mtoto wa leo akiacha bukari, ugali wetu, ukingoni mwa sahani, mkono wangu unakwenda wenyewe, na wanangu wananicheka: "Mama iko na njala ya zamani!" Na wacheke. Njala ya zamani hawaijui, na namwomba Mungu wasiijue, ingawa nikiwaona wanapiga picha chakula kabla ya kukiombea, natamani iwachungulie dirishani kidogo tu.

Tulipokuwa wadogo kabisa, saa yetu ilikuwa king'ora cha kampuni. Kikilia, baba anatoka. Kikilia tena, tunajua anarudi. Mwisho wa mwezi alirudi na posho: gunia la unga, mafuta, na samaki wa chumvi tunaowaita bitoyo, ambao harufu yao ilifika nyumbani kabla ya baba mwenyewe. Kisha mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikawa hadithi, na siku moja king'ora kikanyamaza. Tukala majani ya viazi asubuhi na majani ya viazi jioni, na Jumapili tukala majani ya viazi yenye chumvi. Lakini tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu likatufunika magoti, wavulana wakaunda magari ya nyaya, na mvua zilipofika tuliingia porini kutafuta matunda ya masuku, tukarudi na midomo inanata kwa utamu. Tulicheka sana. Sijui tulichekea nini, ila tulicheka.

Mama yangu, aliyeitwa Mama Anyesi kwa jina la dada yangu mkubwa, alikuwa na imani ya kugombana. Akichekecha unga wa mwisho nilimsikia: "Mungu, minye niko hapa. Weye uko wapi?" Kisha ananyamaza kidogo kumpa Mungu nafasi ya kujibu, halafu anasema "Aya," na kuendelea na kazi. Hakuwahi kutuambia Mungu alijibu nini. Ila baada ya ile "Aya" uso wake ulikuwa umetulia, na sisi watoto tulitulia pamoja naye. Hiyo ndiyo dini niliyoijua kabla ya katekisimu.

Jumuiya yetu, yaani familia za mitaa yetu michache zilizosali pamoja kila Jumapili alasiri, ilikuwa na msalaba wa shaba. Mzee mmoja fundi wa kuchomelea aliuunda kwa vipande viwili vya shaba, na padri akaubariki bila kuuliza shaba imetoka wapi. Msalaba ule ulitembea nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Ulikaa kwenu juma zima, juu ya kitambaa cheupe, nanyi mliusugua kwa ndimu na majivu mpaka ukawaka. Siku ya kuupokea, kila aliyekuja kusali alipewa kitu cha kutia mdomoni, hata kama ni maji yenye sukari. Aibu ilikuwa kumwacha mtu aondoke na mdomo mkavu. Sisi watoto tuligombania kusugua. Mimi na Ngalula, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta na mwenzangu wa dawati moja shuleni, tulikuwa na mapatano: zamu yetu anakuja kusugua nami, zamu yao nakwenda mimi. Mikono yetu ilinuka shaba na ndimu mpaka Jumatano.

Kisha ukaja mwaka wa kufukuzana. Watu ambao babu zao walitoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi na ya reli waliambiwa kwamba hapa si kwao. Ngalula alizaliwa katika wodi ileile niliyozaliwa mimi; Kasai aliijua kwa kuichora kwenye ramani ya mwalimu. Vijana wenye fimbo wakakaa kwenye bomba la maji, lile tuliloliita robine, mwisho wa mtaa wetu, wakasema atakayeshirikiana na hao ataondoka nao. Baba yake Ngalula alikuwa ametangulia kwenye kituo cha treni kutafuta nafasi. Nyumbani alibaki mama yake na watoto, na vifurushi vimekwisha kufungwa. Ngalula akaacha kuja shule. Na mimi, niseme ukweli, niliweka mfuko wangu wa madaftari mahali pake kwenye dawati, ili mtu asiniulize pale alikaa nani.

Jumapili ile tulisali nyumbani kwa Papa Séverin, yaani Baba Séverin, kiongozi wa jumuiya. Nyumba iliyofuata kwa zamu ilikuwa ya kina Ngalula, na baada yake yetu. Papa Séverin alikuwa mtu mwema. Woga wake ulikuwa woga wa mtu mwenye watoto saba. Sala ilipokwisha aliinua msalaba akatazama chini.

"Bandugu, ile nyumba, juma hii tutairuka. Mungu anajua mioyo yetu. Mama Anyesi, utapokea weye."

Mama akasimama, akaupokea kwa mikono miwili. "Asante, Papa Séverin. Lakini zamu yangu haiyafika."

"Mama, batoto beko na fimbo pale ku robine."

"Ninabaona."

"Batakuumiza!"

"Musalaba hairukake nyumba, Papa. Leo ikiruka ya Mama Ngalula, kesho itaruka yako."

Baba alisema tu, "Mama Anyesi," mara moja, kwa sauti ndogo. Mama alikuwa amekwisha toka nje.

Alitembea katikati ya njia, msalaba kifuani, akaanza kuimba. Wanaomjua mama yangu wataelewa ukubwa wa jambo hilo. Mama hajui kuimba. Kwaya ya parokia ilikuwa imemshukuru kwa upole na kumpa kazi ya kufua mavazi ya padri. Siku ile aliimba wimbo wa Pasaka, tena si kipindi cha Pasaka, nami nilimshika kikwembe, kitenge alichojifunga, nikimvuta: "Mama, turudi. Mama, tafadhali." Hakunitazama.

Kwenye bomba la maji walikuwa watano. Mmoja, aliyefundishwa katekisimu na mama, akasimama. "Mama, ingia kwako. Ile nyumba ya pili si kwenu."

"Ninajua. Na weye, vua kofia mbele ya musalaba. Nilikufundisha minye mwenyewe."

Akaivua. Naapa aliivua, mkono ukienda kichwani kabla hajafikiri. Lakini mwenzake hakuwa mwanafunzi wa mtu. Tulipowapita, bonge la udongo mkavu lilimpiga mama begani likapasuka. Mama akakosa mstari mmoja wa wimbo. Kisha akauanza upya, toka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi na mbaya zaidi.

Tulipofika mlangoni kwa kina Ngalula niligeuka nyuma. Kwa Papa Séverin tulikuwa kama thelathini. Waliotufuata walikuwa wanane. Wa mwisho alikuwa baba, amebeba benchi letu kichwani, kwa sababu alijua viti vya nyumba ile vimekwisha kuuzwa. Aliliweka chini, akalipangusa kwa kiganja, akakaa.

Hapakuwa na meza. Msalaba uliwekwa juu ya kifurushi cha nguo. Tulipomaliza kusali, Mama Ngalula alifungua mfuko mdogo akaanza kugawa karanga za kukaanga, kila mtu kiganja kimoja.

"Hapana, mama," mama yangu akamwambia. "Hii ni ya njia."

"Ndiyo, ni ya njia. Lakini leo ni zamu yangu. Mutakula."

Tukala. Nimepokea komunyo mara nyingi maishani, na hakuna iliyonishuka kwa uzito kama karanga zile. Ngalula alinipa nusu ya ndimu, tukasugua shaba. Nilitaka kumwambia habari ya mfuko wangu kwenye dawati. Sikumwambia.

Ijumaa asubuhi walihamia kituoni. Mama Ngalula alitupitishia msalaba juu ya ua. "Zamu yangu ilibakiza siku mbili," alisema, akaondoka. Mama hakuuweka hata mezani. Aliufunga katika kitambaa cheupe, akasonga bukari, akaenda nao kituoni siku ile na siku ya pili, kule ambako watu walilala nje juu ya mizigo yao wakingoja treni. Jumapili jumuiya ilisali palepale, kwenye mawe ya reli. Safari hii Papa Séverin alikuja, na alilia mbele ya watoto wake saba. Mama Ngalula akatukabidhi msalaba kwa mkono wake. Treni ilichelewa kwa majuma. Siku ilipoondoka nilikuwa shuleni.

Kwa hiyo, wenzangu, tunapokutana kwenye harusi na misiba na mtu akaanza kuniambia kwamba enzi zetu watu wote walipendana, kwamba ni vijana wa leo walioharibika kwa simu na muziki wa kelele, mimi sikubali. Nawacheka vijana, ndiyo. Wanatumiana mistari ya Biblia yenye maua pembeni na kuitana "mubarikiwa" bila kujua jirani amekula nini. Lakini wale wa pale kwenye bomba la maji walikuwa wa enzi zetu. Mimi niliyevuta kikwembe pia.

Mama sasa ni mzee, anachekecha unga kwa mikono inayotikisika. Mwaka jana nilimwuliza, baada ya miaka yote hii, kama siku ile hakuogopa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Minye? Nilijikojolea, mwanangu. Kuanzia ku robine mpaka kwa Mama Ngalula. Nilijua tangu asubuhi kama batairuka ile nyumba, na nilijua kama nitaogopa. Njo maana nikavaa vikwembe mbili."

Leo makanisa yana vipaza sauti vya kutikisa mabati, na wahubiri wanatuahidi imani inayofukuza woga, pamoja na gari na viza. Waendelee. Mimi kila asubuhi nikifungua duka langu pale Kikula, siku ambazo sijui nitauza nini wala nitakula nini, naomba imani ile ya mama, ya mtu anayejua ataogopa, akavaa vikwembe viwili na kutoka. Imenitosha mpaka leo. Ninachotamani ni kimoja tu: popote alipo Ngalula, kama yu hai, angejua kwamba yule mama aliyeimba vibaya hivyo mlangoni mwao naye alikuwa anaogopa.