Mwenye Robine wa Avenyu Kasanga

Asubuhi ya siku ya maji, Mama Emérance huhesabu bidoni, madumu ya maji, kabla hajanawa uso. Zinapangwa ndani ya parsele yake, kiwanja cha nyumba, tangu alfajiri, za njano na za bluu, nyingine zimefungwa kitambaa shingoni ili kusiwe na ubishi, na kila moja inamshikia mwanamke fulani nafasi yake. Asubuhi moja ya mwezi wa tano zilikuwa thelathini na moja. Wanawake wenyewe hakuwepo hata mmoja. Walikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kona, wamekalia viti vya Florentine, wanakula mikate ya moto ya Florentine, wanacheka.

Robine, bomba la maji, ni yake, foleni ni yake, na karamu iko kwa jirani.

Emérance ana miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Kalemie, baba yake alikuwa mpakuzi wa bandari, na mumewe, marehemu Germain, alikuwa karani wa gare ya treni. Ni Germain aliyeleta bomba la maji mpaka kwenye parsele, mwaka ambao bado kulikuwa na mtu wa kuombwa na bomba la kuletwa. Tangu hapo, katika nyumba arobaini na saba za Avenyu Kasanga, robine ni hiyo moja. Germain alipofariki, watoto watatu wakaenda Lubumbashi mmoja baada ya mwingine, na Emérance akabaki na nyumba, robine, na jina: Mama Robine.

Alilipenda jina hilo kuliko alivyowahi kukiri. Sheria za foleni zilikuwa zake. Mwenye mimba anapita mbele. Nyumba yenye msiba haisubiri. Anayetukana anarudi nyuma ya wote. Alichotoza kwa bidoni kilitosha tu kulipa faktira ya maji, lakini si hicho alichokuwa akivuna. Alikuwa akivuna habari. Nani ameposwa, nani amefukuzwa kazi, nani amerudi kwao na mizigo: yote yalipita penye robine kwanza, ndipo yakasambaa.

Kisha akaja Florentine. Alifika mwaka 2017 akitokea Nyunzu, akikimbia vita, na watoto wawili na godoro moja. Bidoni yake ya kwanza ya maji hapa Kalemie ilijazwa na Emérance kwa mkono wake mwenyewe, bila malipo. Emérance hakulisahau jambo hilo. Florentine naye hakulisahau, na hapo ndipo palipouma, kwa sababu alilisimulia kwa kila mtu, na alilisimulia vizuri mno, na machozi na kicheko mahali pake, mpaka wema ule ukawa hadithi ya Florentine.

Alianza na karai moja la mafuta kwenye kona. Mikate yake ilikuwa laini. Alikuwa na kicheko kikubwa, na alikuwa na viti. Foleni ya Emérance haikuwa na viti. Taratibu wanawake wakajifunza kuacha bidoni upande huu na kupeleka midomo upande ule. Juma la Pasaka, Emérance alipata habari ya kifo cha shemeji wa Papa Ignace, shefu wa avenyu, siku mbili baada ya watu wote. Hakulala vizuri juma lile.

Hali ilikuwa hivyo mji ulipoanzisha enkete. Kulikuwa na fedha kidogo za kazi za kartie, yaani mtaa, zisizotosha mahitaji yote. Badala ya kuamua ofisini, mji ulituma vijana na fishi, karatasi za maswali, nyumba kwa nyumba, wawaulize wakaaji: kati ya mitaro, taa za barabarani na bonfonteni, yaani robine ya watu wote, kianze kipi? Na je, nyumba yenu iko tayari kuchangia kila mwezi ili kitunzwe?

Avenyu Kasanga ilipewa Joëlle, msichana aliyemaliza masomo ya chuo mwaka uliopita, mwenye viatu vyeupe na subira. Alifika kwa Emérance mwisho wa wote.

"Mama, jina?"

"Weye mutoto wa wapi asiyejua jina yangu?"

"Mimi najua, Mama Robine. Ila fishi haijui."

Emérance akacheka, akamletea kiti. Joëlle akaweka fishi zilizojazwa juu ya magoti. Miaka ishirini na minne ya ndoa na karani ilikuwa imemfundisha Emérance kusoma karatasi iliyogeuzwa juu chini. Akasoma. Bonfonteni iwekwe wapi? *Kwa Florentine.* Joëlle akafunua nyingine akitafuta isiyoandikwa. *Kona ya Florentine.* Nyingine. *Pale kwa Florentine.* Hata Mamie, jirani aliyezaa watoto wanne kwa maji ya robine ile, alikuwa ameandikisha: *mbele ya Florentine, pana nafasi na watu wanakaa vizuri.*

Emérance aliona kila kitu kama kimekwisha kujengwa: saruji, mabomba manne yanayong'aa, bidoni zimehamia kule ilikohamia midomo, na Florentine katikati, akicheka.

"Bonfonteni ya kazi gani?" akasema.

"Hamuitaki, Mama?"

"Avenyu iko na maji. Andika. Inatoka kila siku, asubuhi mpaka magaribi. Watu wote wanashiba."

Joëlle akainua kalamu. Maji yalitoka siku tatu kwa juma, kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, na nguvu ikipungua, bidoni za mwisho hurudi tupu na wenyewe wanateremka kuchota mto Lukuga. "Mama, majirani wamesema siku tatu."

"Majirani njo wenye robine?"

"Apana, Mama."

"Basi andika ya mwenye robine."

Joëlle akaandika, akamsomea, akampa asaini. Emérance akasaini kwa mwandiko mzuri.

Matokeo yalikuja mwezi wa saba, Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja, watu wote wakiwa na majembe na makoleo wanazibua mitaro. Papa Ignace akapanda juu ya rundo la udongo na karatasi mkononi.

"Avenyu Kasanga, nyumba arobaini na saba. Wanaotaka bonfonteni: arobaini na tatu. Walio tayari kuchangia: arobaini na mmoja."

Watu wakapiga makofi.

"Musipige makofi bado." Akavaa miwani. "Imeondolewa katika orodha. 'Avenyu ina robine inayotosha nyumba zote.' Bonfonteni yetu wamewapa avenyu ya nyuma."

"Inayotosha nani?" Mamie akapaza sauti. "Juzi nimeogesha watoto na maji ya Lukuga! Kipindupindu tukikipata, tutakipeleka kwa nani?"

"Nani aliwaambia vile?" mtu mwingine akauliza.

Papa Ignace akaisogeza karatasi karibu na miwani. "Imeandikwa: kufuatana na mwenye robine."

Macho yote yakageuka. Emérance alikuwa ameshika jembe. Kabla hajasema neno, Florentine alikwisha kutupa koleo lake chini.

"Munamuangalia nini? Huyu Mama? Siku nilifika hapa na watoto wanalia kiu, alinijazia bidoni bila kuniuliza jina. Muntu wa vile njo atawanyima maji? Ni ule mutoto wa enkete! Fishi ya Mama aliijaza kwao, miguu juu ya meza!"

"Vijana wa leo," mzee mmoja akaunga mkono, "wanafanya enkete ofisini, chini ya upepo wa ventilateri."

Ikawa ndiyo hiyo. Ilikuwa rahisi, na kila mtu aliifurahia. Papa Ignace akaeleza kwamba masahihisho yanapokelewa mpaka Jumatano, na kwa habari ya robine ni mwenye robine peke yake anayeweza kusahihisha.

"Mama atasaini," akasema Florentine, akamshika Emérance mkono. "Mimi nitamsindikiza."

Mkono wake ulikuwa na joto. Emérance akauvumilia mpaka watu walipotawanyika, kisha akaenda kunawa.

Jumapili hakwenda misa. Alikaa nyuma ya ua akipiga hesabu. Angeweza kuugua. Angeweza kuugua mpaka Alhamisi, na bonfonteni ingekwenda zake, na bidoni thelathini na moja zingebaki kwake maisha yote. Mwongo angebaki Joëlle, ambaye Jumatatu alipita avenyu ile akienda zake, na wanawake wakamsindikiza kwa misonyo mpaka mwisho wa barabara. Msichana alitembea akiangalia viatu vyake vyeupe. Emérance alimwona, akaumia, lakini angeweza kuvumilia hata hilo. Alijijua.

Asiloweza kuvumilia lilimjia jioni ile ya Jumatatu, kutoka kwenye kona, kwa sauti kubwa yenye kicheko.

"Yule njo mama yangu hapa Kalemie. Akidanganya yeye, basi hakuna muntu wa kweli mji huu!"

Na sauti za wanawake: ndiyo, kweli kabisa.

Kumbe hata heshima yake sasa ilikuwa inatoka kule. Kila siku atakayonyamaza atakuwa anakula heshima iliyopikwa na Florentine, ya moto, bure, kama mikate. Akaona afadhali aitwe mwongo na avenyu nzima kuliko kutetewa na mwanamke yule siku moja zaidi.

Jumanne akavaa kitenge chake cha sikukuu, akachukua pikipiki peke yake mpaka biro, ofisi ya mji. Karani aliitwa Willy. Alimsikiliza, akamsogezea karatasi.

"Ni kosa la mutoto wa enkete, si ndiyo? Weka alama hapa, Mama, tumalize."

"Apana."

"Basi la nani?"

"La kwangu."

"Ulikosea hesabu ya siku."

"Sikukosea. Nilisema vile nikijua."

Willy akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kuna mustari wa sababu. Niandike nini?"

Feni ilizunguka juu yao. Mtu wa nyuma akakohoa, foleni hata huku.

"Wivu," akasema Emérance.

"Mama, hiyo mimi siandiki juu ya karatasi ya mji."

"Nipe kalamu."

Akaandika mwenyewe, bila haraka, mpaka mstari ukajaa. Willy akasoma, akakuna shingo. "Sawa. Na hii, avenyu inarudi katika orodha. Bonfonteni itawekwa pale watu waliposema." Akachukua muhuri, kisha akausimamisha hewani. "Lakini unajua masahihisho yanasomwa Jumamosi, penye salongo, mbele ya watu? Pamoja na jina na sababu?"

Hakujua. Vidole vyake vikarudi kwenye karatasi, vikashika ukingo wake. Willy akangoja. Mle ndani ya mstari mlikuwa na jina lake, na jina la Florentine pia.

Akaiachia. "Gonga."

Alishuka kwenye pikipiki saa tisa. Kona ilikuwa imejaa. Florentine akainuka akijifuta mikono kwa kitenge.

"Mama! Umevaa hivi, unatoka wapi? Tulisema kesho twende pamoja."

"Nimeshaenda."

"Peke yako? Na wamesema nini?"

Wanawake wote wakamgeukia. Mmoja akamvutia kiti. Kwa muda walikuwa wakimtazama mdomo, wote, wakingoja litakalotoka kwake, na alijua kwamba Jumamosi watamtazama vingine.

Hakukaa.

"Inarudi katika orodha," akasema. "Mengine watasoma Jumamosi."

"Mengine gani tena? Niambie mimi, Mama."

"Utasikia na wengine."

"Ata mimi?"

"Weye zaidi," akasema Emérance, akavuka barabara.