Sahani Iliyorudi Tupu

Juzi umeme ulikatika kwenye mashine ya kusaga pale Maisaka, tukabaki kwenye foleni na ndoo zetu za mahindi. Mama mmoja mbele yangu akapigiwa simu ya video na mwanawe anayesoma shahada ya uzamili Ujerumani. Kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, tulisikia wote.

"Mama, yule jirani asiyenisalimia nilimpelekea makande kama ulivyosema."

"Akasemaje?"

"Alishukuru sana. Leo amerudisha sahani."

"Ndani umekuta nini?"

"Hakuna kitu. Ameiosha tu."

Mama akashika kiuno, akatugeukia. "Jamani, amerudisha sahani tupu."

Foleni ikaguna. Mmoja akasema hiyo ni dharau. Mwingine, aliyekuwa amekalia ndoo yake, akatikisa kichwa taratibu. "Si dharau, dada. Huyo hana kitu ndani. Mwenye chochote angeweka hata ndizi mbili."

Hilo lilimwingia mama. Akairudisha simu usoni, sauti imelainika. "Mwanangu, kumbe mwenzako ana shida. Kesho mpelekee tena, na ujaze."

"Mama, ana magari mawili."

"Kwani anakula magari?"

Umeme ukarudi, mashine ikanguruma, simu ikakatika kijana akicheka. Mimi nimebaki nikimfikiria yule jirani na magari yake. Hajui kwamba foleni nzima ya Maisaka inamwonea huruma, na kwamba yule wa kwenye ndoo ameniuliza namna ya kumtumia debe la maharage.