Ghuba Niliyoichagua Mwenyewe

Nilipewa kazi ya kuchagua mahali pa kutia nanga kwa sababu katika familia yote ni mimi tu niliyewahi kuvuka mto Nzoia kwa mtumbwi, pale Moi's Bridge. Tulikuwa tunaenda likizo ya boti ya tanga huko visiwa vya Lamu, sisi wa Kitale na wakwe zangu kutoka Bokoli, na hakuna aliyejua kuogelea. Kwa hivyo nilitafuta kwenye simu ghuba yenye maji ya magotini. Kwetu hayo ndiyo maji salama.

Nahodha alipopaona aliniuliza, "Mzee, unajua hapa maji hupwa?"

Sikujua kupwa ni nini. Nikamjibu, "Najua, ndiyo maana nimepachagua."

Mama mkwe alikaa upande wa kushoto, mimi kulia. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata mkono hawapeani. Akiwa na neno kwangu, hulipitisha kwa mke wangu.

Tukiwa tunakunywa chai, bahari ilianza kwenda zake. Ilirudi nyuma polepole mpaka chini yetu yakabaki matope, na boti ikalalia ubavu wa kushoto. Vikombe viliteleza, birika likafuata, kisha mimi. Nilisimamishwa na mapaja ya mama mkwe.

Nilijaribu kuinuka, lakini sakafu ilikuwa imejaa chai. Yeye alitazama juu, akamwita mke wangu kwa sauti ya upole.

"Nekesa, mwambie baba watoto amenikalia."