Maziwa Hayazimi Mtambo

Nakumbuka siku moja nilisimama mguu sawa mbele ya kikombe cha maziwa, nikikilinda kama ghala la silaha, tangu saa sita mchana hadi jua linakaribia kuzama. Usicheke, mwanangu. Au cheka, lakini sikiliza mpaka mwisho, maana juzi umenipigia simu kutoka kikosini ukaniambia umepangiwa mitambo ya mawasiliano, ukaniomba mimi babu yako nikutafutie mtu wa kukuletea maziwa kila siku, ya kuondoa mionzi mwilini. Nilipokata simu nilikaa kitako. Kumbe uongo ule bado uko hai.

Nilikuwa na umri kama wako. Kituo chetu cha mawasiliano kilikuwa juu kwenye milima ya Uluguru, penye ukungu na baridi ya kugonganisha meno. Soksi ukizifua Jumatatu, Ijumaa unazivaa zikiwa bado mbichi. Mbele ya antena kubwa palikuwa na mstari mwekundu uliopakwa kwenye saruji, na amri ilikuwa moja: mtambo ukiwa umewashwa, hakuna mtu kuuvuka. Ukitaka kupita, unazima kwanza, unachomoa ufunguo, unautia mfukoni mwako mwenyewe, asije mwenzako akawasha wewe ukiwa huko mbele.

Sisi vijana tulikuwa na akili zetu. Tuliamini antena inatoa joto, kwa hiyo soksi tukazitundika ng'ambo ya mstari. Na mionzi je? Tuliambizana kwamba maziwa huisafisha, kama wanavyosema mafundi wa kuchomelea na watu wa viwandani. Dereva wa chakula alituletea maziwa mgando kutoka Mikese, nami nikawa nafakamia kikombe kizima kila asubuhi, halafu napita mbele ya antena kifua mbele. Nilikuwa na kiherehere, sikufichi.

Sasa siku hiyo nikaenda kuchukua soksi mtambo ukiwa unanguruma. Ningeuzima ningechelewa wali. Mkuu wetu wa zamu, Sajenti Mkude, mzee mwembamba asiyepandisha sauti, akaniona. Alizima mtambo, akaniita, akaniuliza kama nimeuona mstari. Nikamjibu, tena kwa kujiamini, kwamba nilikuwa nimeshakunywa maziwa.

Hakunipiga wala hakunirusha kichura. Aliagiza kikombe cha maziwa, akakiweka juu ya kigoda, akanisimamisha mbele yake.

"Yalinde," akasema. "Ukiyaona yanatoka kikombeni kwenda kupambana na mionzi, niite."

Nikayalinda. Wenzangu walipita wakikipigia saluti kile kikombe. Jua likikaribia kuzama akaja paka wa jikoni, akaniangalia, akapanda kigodani, akayanywa yote, na mimi sina ruhusa ya kusogea. Nilipotoa taarifa, Sajenti alifikiri kidogo, akasema kuanzia kesho paka ndiye atakayepita mbele ya antena, kwa kuwa sasa ana kinga. Kituo kizima kilivunjika mbavu.

Watu walipotawanyika alinikalisha. Aliniambia alikuwa na rafiki, fundi kama mimi, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi mbele ya mitambo bila kuizima. Alikufa kwa saratani ya damu, akaacha mtoto wa kunyonya. Nikamuuliza kama ni mtambo uliomuua.

"Sijui," akasema. "Daktari naye alisema hajui. Sasa kitu ambacho hata daktari hakijui, wewe unakijaribu kwa mwili wako?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya paka.

Ungedhani nilikoma. Ufunguo, ndiyo, niliutia mfukoni kila siku mpaka nikastaafu. Lakini mwaka jana, wewe ukiwa mafunzoni, nikatokwa na uvimbe shingoni, jambo ambalo tulikuficha. Unajua nilifanya nini? Nikavaa skafu, kwenye joto hili la Kilakala, nikaanza kunywa maziwa kimyakimya. Nilikuwa naogopa. Bibi yako alishangaa maziwa yanavyoisha, akaniuliza kama nina kichanga mahali. Kisha akaivuta ile skafu, akauona uvimbe, na kesho yake tukawa hospitali.

Ilikuwa saratani. Nimepasuliwa, nimetibiwa, nipo. Daktari, binti mdogo tu, aliniamkia kwa adabu kabla ya kunigombeza kwa kuchelewa miezi mitano. Kuhusu mtambo alijibu kama Sajenti, kwamba hajui, lakini aliandika miaka yangu yote ya kazi kwenye faili. Mpaka leo bado narudi kupimwa.

Basi nakuambia wazi, mwanangu. Zima mtambo kabla ya kuvuka mstari, ufunguo uwe mfukoni mwako, hata kama anayekuharakisha ana nyota begani na wali unapoa. Ukiona kitu kigeni mwilini, usikivalie skafu. Nenda hospitali upesi, na useme kazi yako ni ipi. Wala usiikimbie kazi kwa hofu, maana wenzangu wengi wa kituo kile bado wazima, wananifunga kwenye bao mpaka leo. Maziwa nitakutumia, tena mengi. Yatie kwenye chai.

Mungu akufunike kwa yale unayoyaona na yale usiyoyaona, ailinde damu yako na mifupa yako, akurudishe hapa Kilakala siku moja ukiwa na mvi zako zote, na shingo yako ikiwa wazi.